Mama Alipoosha Kichujio

Harufu ya jiki ilimpokea Jepkosgei getini kabla mtu yeyote hajampokea. Alikuwa ndio kwanza anarudi Kibomet kutoka Matulo, alikomzika mumewe, na kichwa chake kilichonyolewa kilikuwa kinawasha chini ya leso. Harufu ile ilimwingia puani ikapita zake. Siku hizo kila kitu kilikuwa kikimpita. Watu walimshika mkono, wakamwambia pole, wakamletea chai, wakaondoa kikombe kabla hajakigusa, naye akawatazama tu kama mtu anayetazama mvua dirishani. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na yeye mwenyewe alikuwa anajua.

Katika ukoo wa marehemu Walubengo, mjane harudi kwake peke yake. Mama mzazi wa marehemu ndiye hutangulia. Anafungua milango, anafagia, anasafisha kila chombo ambacho mwanawe alikuwa akikishika, ndipo mjane aingie. Ni desturi nzuri, na aliyeianzisha bila shaka alikuwa anafikiria vumbi la viti na vitanda. Lakini huyo mtu wa kale hakuwahi kuona banda la samaki, na hakuwahi kukutana na Mama Namalwa, mama yake Walubengo. Mama Namalwa ni mwanamke ambaye akishika sufuria kuisugua, sufuria inaomba msamaha.

Alikuwa ametangulia tangu jana yake. Alikuwa amefua mapazia, amepiga deki, amesugua buti za mwanawe mpaka soli. Halafu, kwa kuwa desturi inasema kila chombo, akaingia bandani.

Banda lenyewe lilisimama nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu mwingine yeyote wa Kibomet angejenga vyumba vya kupangisha. Majirani walicheka sana Walubengo alipoanza. Hapa Kitale, kwenye mahindi mpaka mlangoni, mtu anafuga samaki ndani ya nyumba? Tena kwa maji yale yale, yanazunguka leo, kesho na mtondogoo? Walubengo hakuwajibu. Aliwaonyesha tu. Maji yanatoka kwenye matangi ya tilapia, yanapita kwenye wavu unaonasa kinyesi, yanaingia kwenye kichujio chenyewe, pipa kubwa la buluu, yanarudi kwa samaki yakiwa salama. Siri yote ilikuwa kwenye lile pipa. Ndani yake kulikuwa na vigurudumu vyeusi vya plastiki, vidogo kama vizibo vya soda, vikirukaruka kwenye mapovu ya hewa, na kila kimoja kimevaa utelezi wa kahawia. Utelezi huo ni bakteria. Samaki wanakojoa sumu, bakteria wanaila ile sumu. Ukiondoa bakteria, samaki wanakufa kwa mkojo wao wenyewe. Walubengo aliwaita bakteria hao wapangaji wake. Iliwachukua miezi miwili, yeye na Jepkosgei, kuwazoesha wapangaji hao kwenye pipa. Yeye akitengeneza mapampu, mkewe akipima maji asubuhi na jioni.

Sasa vigurudumu vile vilikuwa uani, juani, vimetandazwa juu ya magunia. Viling'aa, bila utelezi hata chembe.

"Karibu nyumbani, mtoto wangu," Mama Namalwa alisema. Alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono imekunjamana na kuwa myeupe kwa maji. "Umeona? Hii vitu yote ilikuwa imeoza. Ati Walubengo alikuwa anafanya kazi kwa uchafu namna hii! Nimeosha moja moja. Nimeweka sabuni, nimeweka jiki, nikasuuza. Zingine nimerudisha kwa pipa, hizi nangoja zikauke."

Jepkosgei alitazama magunia. Aliona kilichotokea chote kwa mara moja, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesoma kibao barabarani. Akangoja hasira. Haikuja. Akangoja hofu, nayo haikuja.

"Asante, mama," alisema.

Pembeni, Kimutai alikuwa anatazama viatu vyake. Kimutai alikuwa jirani, mwenye pikapu ya kubeba nyanya, na ndiye aliyeachiwa ufunguo wa banda wakati wote wa matanga. Jepkosgei alipoingia bandani, akamfuata huku akipunguza sauti.

"Nilimuona akiosha," alisema. "Lakini niambie, ningesema nini? Mama ametoka kuzika kijana yake. Unaenda kumwambia mama kama huyo aache? Nikafikiria labda ni mila yenu, bana."

"Umewalisha mara ngapi?"

"Ah, hao? Hao wamekula vizuri kabisa. Kila nikipita nawarushia."

Ndivyo ilivyo kwetu. Kwenye matanga hakuna kiumbe anayeachwa na njaa, na samaki aliyekula sana hukojoa sumu nyingi. Jepkosgei alichota maji ya tangi kwenye kichupa cha kupimia, akadondosha dawa, akatikisa. Maji ambayo siku zote yalikuwa yakibaki manjano yaligeuka kijani, kijani cha majani ya sukumawiki. Amonia, ile sumu ya mkojo. Kwenye tangi kubwa tilapia walikuwa juu juu, midomo wazi, wakimeza hewa.

Hebu tuseme wazi kilichokuwa hatarini, maana si samaki peke yao. Walubengo alikuwa mtoto wa kiume wa pekee aliyekuwa amebaki kwa Mama Namalwa. Mume wake alikwenda zamani, wavulana wengine walikufa wadogo. Pale kaburini Matulo bibi kizee alikuwa ameshikwa na wanaume wawili ili asijitupe shimoni. Kilichobaki cha mwanawe duniani, kinachopumua, ni samaki hawa. Kama wangekufa wote na mama akajua kwamba ni mikono yake, zile saa zote juani za kuosha kimoja kimoja, hiyo ingekuwa ni kumzika Walubengo mara ya pili, na safari hii jembe angelishika yeye mwenyewe. Jepkosgei hakuhisi huruma. Alijua tu kwamba huruma ilipaswa kuwepo hapo, akaamua kufanya kama ipo. Samaki lazima wapone, na mama asijue.

"Hakuna chakula tena," alimwambia Kimutai. "Hata punje. Nisaidie kutoa maji."

Walitoa robo ya maji ya kila tangi na kujaza kutoka kwenye tangi la nje, ambamo maji ya mfereji huachwa kwanza yapoteze klorini. Vile vigurudumu vilivyokwisha kurudi pipani walivitoa, wakavisuuza tena ili jiki iishe. Jepkosgei akamwaga chumvi ya gunia kupunguza makali ya sumu, akafungua hewa mpaka mwisho, matangi yakachemka kama ugali unaotokota. Alifanya yote hayo bila kukosea hata kidogo. Mikono ilikumbuka. Yeye mwenyewe alikuwa mahali pengine, sijui wapi, na popote alipokuwa hapakuwa na sauti.

Hayo yote yalikuwa ya kununua muda tu. Kungoja bakteria wapya wajiotee wenyewe ni kungoja wiki nyingi, na samaki hawakuwa na wiki. Palihitajika vigurudumu vichafu, vilivyo hai, kutoka kwa banda la mtu mwingine. Na mtu wa namna hiyo katika eneo lote lile alikuwa mmoja, Sufian wa Bungoma mjini.

Alfajiri Mama Namalwa alitoka uani, akaelekea upande wa Matulo, akalia. Alilia kwa sauti kamili, kama walivyolia kwao siku zote, akimwita mwanawe kwa majina yote na kumuuliza maswali. Kibomet nzima ilisikia. Jepkosgei alisimama mlangoni. Kwao, Wakalenjin, watu humlilia maiti kwa kunyamaza, na huko Matulo wengine walimtetea hivyo: mwacheni, ni mila zao. Lakini yeye alijua haikuwa mila. Hata kwao kimya kina machozi ndani yake. Cha kwake hakikuwa na kitu. Mawifi walikuwa wamemtazama mazishi yote kwa jicho la pembeni, na alijua wanasema nini jikoni.

"Naenda Bungoma na Kimutai, mama," alisema kilio kilipotulia. "Kuna kitu cha samaki nataka kuchukua. Tafadhali usiwape chakula."

"Mjane hatembei tembei," Mama Namalwa alisema. Halafu akamtazama tena. "Lakini enda. Kukaa pia si dawa."

Barabarani Kimutai aliongea bei ya nyanya mpaka Kamukuywa, akanyamaza, akaanza tena. Jepkosgei alishika mapajani kipampu kidogo cha hewa cha betri. Vigurudumu vikikosa hewa njiani, wapangaji wanakufa kabla hawajafika. Hilo alilikumbuka. Kula hakukumbuka.

Sufian alikaa nyuma ya msikiti, kwenye nyumba ya mabati yenye matangi manne ya kambare. Aliwapokea mlangoni, akasoma maneno ya kumwombea marehemu, akampa Jepkosgei kiti. Alisikiliza habari ya jiki huku amefumba macho kama mtu anayesikia habari ya ajali.

"Nguo ukitia jiki inatakata," alisema mwishowe. "Sasa huyo mama angejuaje?"

"Hajui. Na sitaki ajue."

Sufian akaenda kwenye pipa lake, akazamisha ungo, akaibuka nao umejaa. Vigurudumu vilikuwa vya kahawia, vinateleza, vinanuka udongo wa mvua. Akajaza dumu pana mpaka nusu, akamimina maji ya tangi juu yake.

"Chukua. Unajua hizi ni za bwanako?" alisema. "Nilipoanza, mwaka ule, pipa langu lilikuwa jipya, samaki wanakufa tu. Walubengo akaniletea zake kwa ndoo, kutoka Kitale. Kila kilichomo humu kimezaliwa na zile. Mimi nimekuza tu, dada."

Kimutai alijifanya anafunga kamba ya pikapu ambayo ilikuwa imefungwa. Jepkosgei alitumbukiza mkono ndani ya dumu. Alijua kwamba hapo ndipo mtu angelia. Kila kitu kilikuwa tayari: maneno, mkono kwenye maji, wanaume wawili wamegeuka upande kumpa nafasi. Akangoja kidogo, kwa heshima. Hakuna kilichokuja. Akatoa mkono, akaupangusa kwenye sketi, akauliza kama kipampu kitatosha mpaka Kitale.

"Kitatosha," Sufian alisema.

Walirudi jua likiwa bado juu. Uani, Mama Namalwa alikuwa tayari. Alikuwa ameteka maji, ameweka beseni mbili, kipande cha sabuni, na chupa ya jiki pembeni. Alipoona Kimutai anashusha dumu, akakunja mikono ya gauni.

"Ngai, na hii pia ni chafu hivi! Leta hapa. Leta nioshe kabla hujaweka."

Kimutai alitua dumu chini, akarudi nyuma hatua kadhaa. Hakuna mwanamume aliye hodari mbele ya jambo kama hilo. Mama mkwe ameinama, mkono uko tayari kwenye ukingo wa dumu, na mkamwana hawezi kumwambia mama mkwe toa mkono wako. Haiwezekani. Afadhali amtukane mchungaji.

Jepkosgei alipiga magoti kando ya dumu, akaweka viganja vyote viwili juu ya vile vigurudumu, taratibu, kama anayefunika mtoto.

"Hizi hatuoshi, mama."

"Kwa nini?"

"Hii ni chachu," alisema. Ndilo neno lililomjia. "Ni kama ya busaa. Hii uchafu ndiyo inafanya kazi."

Mama Namalwa aliondoa mkono ukingoni. Kabla ya kuokoka alikuwa mpishi wa busaa, pombe ya nafaka, na busaa yake ilijulikana kutoka Matulo mpaka Webuye. Mwanamke aliyepika busaa anajua chungu cha chachu hakiguswi na sabuni. Anajua pia aliyekigusa anaanza upya na mtama mbichi, na wateja wanakwenda kwa jirani. Alitazama dumu. Akatazama magunia, ambako vigurudumu alivyoviosha vilikuwa vimekauka kabisa. Aliyatazama yale magunia kwa muda mrefu.

"Na zile zangu?" aliuliza.

"Zile zilikuwa zimemaliza kazi, mama. Zilikuwa nzee. Zilitakiwa kutolewa tu."

"Ah," Mama Namalwa alisema. "Basi." Akashusha mikono ya gauni.

Wakamimina chachu ya Sufian ndani ya pipa la buluu, ikaanza kurukaruka kwenye mapovu. Ilikuwa kidogo kwa kazi ile, na sumu ilikuwa imetangulia. Jioni hiyo tilapia wa kwanza wakageuka matumbo juu kwenye tangi kubwa. Jepkosgei alikuwa anawaopoa kwa wavu Mama Namalwa alipoingia nyuma yake.

Hakupiga kelele. Aliinama, akamchukua samaki mmoja mkononi, akamgeuza.

"Wanamlilia," alisema. "Samaki wanamlilia mwenye wao. Wameona haji, wameamua kumfuata." Akamnyoosha samaki mbele ya Jepkosgei. "Hata samaki, mtoto wangu. Hata samaki wamemlilia. Na wewe? Mbona wewe hujamlilia?"

Hapo, ndani ya ule ukungu wote, kitu kilijikunja kifuani mwa Jepkosgei. Ilikuwa hasira, hatimaye, ndogo na kali kama mwiba. Ukweli ulikuwa umemjaa kinywani: hawalii mtu, mama, umewaua wewe. Maneno machache tu. Angeyasema yangetoka vizuri, na kila mtu angejua nani alifanya nini. Alimtazama bibi kizee aliyesimama na samaki mkononi, vidole bado vimekwajuka kwa jiki.

"Ni kweli, mama," alisema. "Wanamlilia."

"Na wewe?"

"Mimi sijui kwa nini. Machozi hayaji."

Ule mwiba ukayeyukia ulikotoka, na kimya kikarudi mahali pake. Mama Namalwa alimweka samaki kwenye ndoo pamoja na wenzake. Wakawazika nyuma ya migomba, na bibi kizee akawalilia kwa sauti, huku majirani wakichungulia juu ya ua.

Samaki wakaendelea kufa, lakini kila siku wachache kuliko jana. Jepkosgei alibadilisha maji, akapima, akabadilisha tena. Kijani kwenye kichupa kikafifia, kikaelekea manjano. Mama Namalwa hakuingia tena bandani. Alikaa jikoni, akapika, akamwekea mkamwana chakula ambacho hakikuliwa, akakiondoa bila kulalamika. Hakugusa tena jiki, hata kwa vyombo. Siku Jepkosgei aliporusha punje za kwanza na samaki waliobaki wakazirukia mpaka maji yakamlowesha uso, alirudi jikoni akamkuta mama anafunga mizigo.

"Wamekula?"

"Wamekula, mama."

"Wengi?"

"Zaidi ya nusu wamepona."

"Basi mimi niende. Kule hakuna mtu wa kuangalia ng'ombe."

Kimutai alikuwa na mzigo wa Webuye, angemshusha njiani. Jepkosgei alimbebea mfuko mpaka kwenye pikapu, akampandisha kiti cha mbele, akamfungia mlango. Mama Namalwa alishusha kioo. Hakumtazama, alitazama mbele, kwenye barabara.

"Huko nyumbani watauliza juu yako," alisema. "Mawifi zako. Watauliza kama ulilia."

"Najua, mama."

"Nitawaambia ulilia. Nitasema nilikuwa nakusikia kila usiku, mpaka nikaogopa utakufa. Nikisema mimi hakuna mtu atabisha."

"Lakini sikulia, mama."

"Najua hukulia." Mama Namalwa akatoa mkono dirishani, akamshika kichwani, juu ya nywele fupi zilizokuwa zimeanza kuota. "Na mimi najua nilichoosha."

Kimutai akawasha gari. Jepkosgei alisimama pale getini mpaka vumbi likatua, kisha, badala ya kurudi bandani, akaweka mkono kichwani, pale mama alipomshika. Akakaa chini, hapo hapo barabarani, watu wakipita.